Nafasi Juu ya Saruji

Kutoka Lusaka hadi Nchelenge, ukingoni mwa Ziwa Mweru, ni mwendo wa kilomita 1,000 hivi kwa njia ya Serenje na Samfya, na familia inayohamia huko huanza kwa kuulizana lori la kukodi ni kwacha ngapi. Mwalimu aliyepangiwa shule mpya, mchimba migodi aliyestaafu Kitwe na kuamua kurudi kwao, mjane anayefuatwa na watoto wake aje kukaa karibu nao: wote huambiwa bei ya gari zima, hushtuka, kisha ndugu huchangishana. Nafuata njia hiyo hapa nikiwa na hesabu mkononi, tangu saruji inapopakiwa mpaka vitu vinaposhushwa Kashikishi, humo humo Nchelenge, kwa sababu naamini swali lenyewe limekosewa. Anayehama hahitaji lori. Anahitaji nafasi ndani ya lori ambalo lingekwenda huko hata asipokuwapo. Na ikiwa ni hivyo, ndugu wa kumsaidia si yule mwenye misuli wala mwenye fedha kule anakotoka, ni yule anayejuana na watu kule anakokwenda.

Nianze na kinacholifanya lori la kukodi liwe ghali, maana wengi hudhani ni umbali. Umbali ni nusu tu ya maelezo. Mwenye gari akikupeleka Nchelenge anajua atarudi, na kwa vile hana uhakika wa mzigo wa kurudi nao, anakutoza wewe safari zote mbili. Waliolielewa jambo hili mapema ni Wamarekani. Mwaka 1945 Leonard Shoen na mkewe Anna Mary Carty walianzisha U-Haul, kampuni ya kukodisha matela ya kuvutwa na gari la familia, na werevu wao haukuwa kwenye tela. Ulikuwa kwenye ruhusa ya kulichukua mji mmoja na kuliacha mji mwingine, kwa mwenye kituo cha mafuta aliyekubali kuwa wakala. Familia ya Waafrika Mashariki inayotoka Minneapolis kwenda Texas leo inaweza kukodi lori la futi 26, ikaliendesha yenyewe, ikalikabidhi huko na kulisahau. Hata hivyo, bei ya kwenda na bei ya kurudi kwa njia ile ile hazilingani. Watu wengi wanapohama kutoka California kwenda Texas, kwenda huwa ghali na kurudi huwa rahisi, kwa kuwa kampuni inataka magari yake yarudi yalikotoka. Kilomita ni zile zile. Kilichobadilika ni wingi wa magari yanayosubiri upande wa pili.

Nchelenge haina wakala wa kupokea lori uliloliendesha mwenyewe, na sitegemei awepo karibuni, kwani biashara ya namna hiyo inataka vituo vingi na watu wanaohama pande zote mbili. Huku lori hukodishwa pamoja na dereva na utingo wake. Lakini kuna magari ambayo tayari yameshalipiwa safari ya kwenda. Mkoa wa Luapula, iliko Nchelenge, hauna kiwanda cha saruji, na watu wake wanajenga. Saruji inatoka Chilanga, kusini ya Lusaka, ambako kiwanda kilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940, au Masaiti karibu na Ndola, ambako Dangote alifungua chake mwaka 2015. Hapo ndipo penye siri ndogo ambayo watu wa shehena wanaijua na watu wa kuhama hawaijui. Saruji ni nzito kuliko ilivyo kubwa. Chukua semi-trela yenye sakafu ya mita 12 kwa mita 2.4, uipakie mifuko 600 ya kilo 50, yaani tani 30. Ukiipanga vizuri, mifuko hiyo haifiki kiunoni mwa mtu aliyesimama ndani ya tela. Uzito umekwisha, nafasi haijaisha. Juu yake kuna hewa, na hewa hiyo inasafirishwa kilomita 1,000 bila kumlipa mtu yeyote.

Vyombo vya nyumbani ni kinyume chake kabisa. Makampuni ya uhamishaji ya Marekani hukadiria ratili 7 kwa kila futi ya ujazo, ambayo ni kama kilo 112 kwa mita ya ujazo: kitanda, sofa, kabati na friji ni vitu vya kujaza chumba na kuacha mzani ukipumua. Nyumba ya vyumba viwili yenye vitu vya tani 2 itataka mita 18 za ujazo hivi, na ile hewa iliyo juu ya saruji, turubai likiinuliwa mita moja na nusu tu, ni zaidi ya mita 40. Nafasi ipo na inabaki. Ila mtu asidhani vyombo vyake vitapanda bure juu ya gari lililokwisha kujaa uzito. Sheria za barabara za nchi za kusini mwa Afrika zinaweka kikomo cha tani 56 kwa gari na tela na mzigo wote, na mzani wa Kapiri Mposhi hausikilizi hadithi ya mjane. Tani 2 za vyombo zikipanda, tani 2 za saruji lazima zishuke, na hiyo ni mifuko 40. Basi bei halali ya kuhama, kwa maoni yangu, inaanzia kwenye nauli ya mifuko 40 ya saruji kutoka Chilanga hadi Nchelenge, halafu iongezwe kitu kwa usumbufu wa kupakia na kufunga. Weka dizeli upande wa pili ulinganishe. Gari dogo la aina ya Canter, tuseme linakunywa lita 15 kwa kilomita 100 likiwa na mzigo na 12 likiwa tupu: kwenda na kurudi ni lita 270, zote juu ya familia moja. Semi-trela tuipe lita 45 ikienda na 30 ikirudi tupu, jumla 750. Fungu la tani 2 katika 30 ni lita 50. Hata nikiwa nimekosea namba moja mbili, pengo ni kubwa mno kuzibwa na makosa yangu.

Mifuko 40 ishuke kutoka wapi? Swali hili linaonekana dogo lakini ndilo linaloleta faini. Mzani haupimi jumla peke yake, unapima na ekseli moja moja. Utingo mvivu atapunguza mifuko ya nyuma kwa sababu ndiyo iliyo karibu, na uzito wote utaangukia mbele. Inatakiwa ipunguzwe tabaka la juu, huku na huku, sakafu nzima. Kisha kuna meza. Mfuko wa saruji ni karatasi, na mguu wa meza uliobebeshwa uzito kwa siku mbili za matuta hutoboa karatasi kama kijiti kinavyotoboa chipsi. Ukifungua turubai unakuta vumbi la kijivu limeingia kila mshono wa godoro, na mwenye saruji anahesabu mifuko iliyopasuka. Kwa hiyo meza hulala kifudifudi, miguu juu, na chini ya vyombo vyote hutandikwa mbao nyembamba au mikeka mizito. Godoro halitandikwi chini hata kama linaonekana kuwa ndilo lililoumbwa kwa kazi hiyo. Linafungwa kwenye nailoni na kusimamishwa ubavuni, kati ya kabati na friji, likawa mto wao. Wanaovuta tela dogo nyuma ya gari la familia nao wana kanuni yao, kwamba asilimia 60 ya uzito ikae nusu ya mbele, la sivyo tela linaanza kuyumba na kulitingisha gari linalolivuta. Kwa barabara ndefu kama hii mimi siwashauri hata hao wenye tela lao walivute.

Njia nayo inasema yake. Magari ya Chilanga hupita Kabwe, Kapiri Mposhi na Mkushi, yakafika Serenje, kisha huacha Barabara Kuu ya Kaskazini na kushika kushoto barabara ya Tuta, kandokando ya hifadhi ya Kasanka, kwenda kuvuka Mto Luapula na mabwawa yake kwa daraja refu lililojengwa miaka ya 1980. Baada ya hapo ni Samfya na Ziwa Bangweulu, halafu Mansa, halafu bonde lenyewe: Mwense, kisha Mwansabombwe. Magari ya Masaiti yana njia fupi zaidi inayokata ndani ya Kongo, kilomita 70 hivi kutoka Mokambo hadi Chembe, kwenye ile ncha ya ardhi ya Katanga iliyochomoza katikati ya Zambia kwa sababu ya mipaka iliyochorwa Ulaya karne ya 19. Tangu mwaka 2008 pale Chembe kuna Daraja la Levy Mwanawasa, na foleni ya kivuko imekuwa hadithi ya wazee. Mtu wa Ndola ataona wazi kwamba njia yake ni hiyo. Saruji yenye karatasi za muuzaji na mnunuzi inavuka mipaka miwili kwa utaratibu unaojulikana, lakini friji kuukuu isiyo na risiti, televisheni mbili na cherehani ni maswali yanayotembea. Anayepitisha vyombo kule Mokambo aandike orodha yake kitu kwa kitu, aipigishe mhuri, aikabidhi kwa dereva. Akishindwa kufanya hivyo, azunguke Serenje.

Pingamizi la kwanza naliheshimu: lori la saruji halina tarehe yako. Linaondoka linapopata mzigo, na familia imeshamrudishia mwenye nyumba funguo. Ni kweli, na jibu langu si tamu. Tarehe ni bidhaa, na anayekodi gari zima ndiyo anayoinunua kwa hizo lita 220 za ziada. Mtu mwenye kazi inayoanza Jumatatu na ainunue. Lakini mstaafu anayerudi kwao hana Jumatatu. Vyombo vyake vinaweza kukaa wiki mbili kwenye chumba cha ndugu, na tofauti ya bei ikanunua mabati. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba watu wengi huhama Desemba, shule zikifungwa, na Desemba ni mwezi wa mvua kubwa. Tena kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari uvuvi hufungwa, na magari ya samaki, ambayo ndiyo yanayoupa mji wa Kashikishi pumzi yake, hupungua. Mwenye kuweza kuchagua, achague Agosti, likizo ya kati, barabara ikiwa kavu. Asichague tu mwisho wa Julai, maana Mwansabombwe hujaa watu wa Mutomboko, sherehe ya Mwata Kazembe inayokumbusha jinsi Walunda walivyotoka kwa Mwata Yamvo, magharibi, wakahamia bonde hili. Sherehe ya kuhama inaweza kumchelewesha anayehama.

Pingamizi la pili ni zito kuliko yote, na wanaolitoa ni wenye malori. Wanasema kwamba hiyo nafasi rahisi ninayoisifu mara nyingi ni dereva anayechukua fedha kando, tajiri wake hajui, na mzigo ukipotea hakuna anayeweza kushtakiwa. Wanasema kweli. Bei inayotokana na wizi si bei, ni mtego, na hasara yake humwangukia mwenye vyombo. Ndiyo maana sishauri mtu asimame kando ya barabara Kapiri akipunga mkono. Lori la saruji lina mabwana wawili: mwenye gari, na mwenye duka la jumla aliyeagiza mifuko. Huyu wa pili yuko Nchelenge. Anajua gari lake limefika wapi, anaweza kusema apakiwe mifuko 560 badala ya 600, na dereva atamsikiliza kwa kuwa ndiye atakayepokea mzigo na kuhesabu. Mwenye duka huyo hajulikani Lusaka. Anajulikana kwa shemeji anayekopa kwake misumari, kwa binamu anayemuuzia dagaa, wale wanaoitwa huko chisense, kwa mama mkubwa anayesali naye parokia moja. Shoen aliwatafuta wenye vituo vya mafuta mmoja mmoja ili wawe mawakala wake. Ukoo ulioko Kashikishi umeshawapata wake bila kujua kwamba ni mawakala. Ndugu wa Lusaka wanaochanga fedha wanafanya wema. Ndugu wa Nchelenge anayekwenda dukani jioni kuuliza, "Mzee, saruji yako inakuja lini?" anafanya kazi kubwa zaidi yao wote, na hakuna anayemwandika kwenye daftari la michango.

Wengine watasema nafasi ya abiria inasahauliwa. Haisahauliwi, ila ni ndogo: kabini ina dereva, utingo, na labda kiti kimoja. Akae hapo ndugu mmoja mwenye macho, wengine wapande basi. Kuwakalisha watoto juu ya magodoro, chini ya turubai, tani 30 zikiwa chini yao, ni jambo ambalo halina hoja ya kulitetea, hata kama linafanyika.

Kuna pingamizi la tatu ambalo halisemwi kwa sauti, nalo ni aibu. Aliyekaa Copperbelt, ukanda wa migodi ya shaba, miaka 30 hataki kushushwa mbele ya wakwe zake akiwa juu ya saruji ya mtu. James Ferguson, mwanaanthropolojia wa Kimarekani, aliandika kitabu mwaka 1999 juu ya wafanyakazi wa migodi wa Kitwe, na sehemu yake nzuri inahusu mashaka ya kurudi kijijini: mtu aliyekaa mjini bila kuwajali wa kwao hurudi akiogopa hukumu yao. Lori zima lenye vyombo ni jibu la mtu anayeogopa hukumu hiyo. Lakini lori zima ni tangazo pia. Linatangaza kwamba mafao yamelipwa, na kabla friji haijapoa waombaji wamefika. Vyombo vikishushwa dukani pamoja na saruji, kisha vikabebwa nyumbani kwa mkokoteni safari nne tano, mtaa unakuwa umeviona kidogo kidogo. Huenda ndiyo heshima salama zaidi, ingawa najua wapo ambao hawatanisamehe kwa kusema hivyo.

Kuhama kwa mwambao huu hakukuanza na lori. Zaidi ya karne moja iliyopita utawala wa kampuni ya British South Africa uliwaondoa watu wa kando ya Mweru na bonde la Luapula kwa sababu ya malale, na wakaondoka na vilivyobebeka kichwani na kwenye mitumbwi. Tangu mwaka 2017 wamefika Wakongo waliokimbia vita vya Haut-Katanga na Tanganyika, wengi wakizungumza Kiswahili, na mwanzoni mwa 2018 serikali na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi wakaanza kuwahamishia makazi ya Mantapala, humo humo wilayani. Desemba 2021 kundi la kwanza lilirudishwa Pweto, mji ulio mahali ambapo Mto Luvua unatoka ziwani. Nawataja kwa sababu hesabu yangu haiwahusu: familia yenye sufuria tatu, turubai na magunia mawili haina ujazo wa kutafutia hewa. Hoja ya nafasi juu ya saruji ni ya watu ambao vyombo vyao vimewazidi.

Wala hoja hiyo haifanyi kazi ukitaka kutoka. Mzigo unaotoka Nchelenge ni samaki wakavu, na gunia la chisense ni jepesi na kubwa, sawa na sofa. Lori linajaa mpaka kwenye kamba kabla mzani haujastuka, na hewa haibaki. Kikibaki kidogo, godoro lililolala usiku mmoja kati ya magunia hayo halitasahau. Anayehama kwenda kusini asubiri Oktoba na Novemba, magari ya mbolea yanapopandisha mikoani na kurudi matupu, hapo atapata gari zima kwa bei ambayo mwenzake wa Agosti hataiamini.

Kisha kuna wale ambao Kashikishi si mwisho wao. Ziwani kuna kisiwa cha Isokwe na kisiwa cha Kilwa, ambacho Mswahili wa pwani akikisikia hufikiri habari za magofu na sultani, na ng'ambo upande wa Kongo kuna mji wenye jina hilo hilo, hivyo anayeandika anwani aandike kwa makini. Hapo hesabu inaanza upya. Boti haina ekseli wala mzani, na kinachohofiwa ni upepo. Saruji ikilala chini inaituliza; kabati likisimama juu linakuwa tanga ambalo hakuna aliyeliomba. Kitanda kifunguliwe, friji ilazwe, sofa ziende safari ya pili asubuhi ziwa likiwa limetulia. Kabati la milango mitatu ningeliuza pale pale Kashikishi.